Gunia Lenye Uzito wa Mbaka

Msomaji mmoja wa Chuka ameniandikia kuuliza kwa nini sikumtupa Mbaka mtoni nilipokuwa naye mgongoni. Anasema yeye angemtupa.

Labda. Lakini ng'ambo niliyokuwa nakwenda walisimama homugadi wenye bunduki, na ng'ambo niliyotoka baba yangu alikuwa amelazwa mchangani, amekufa, amefunikwa blanketi la kambi. Ningempiga risasi nani kwa mikono mitupu?

Kwa waliokosa gazeti la wiki iliyopita, mambo ni haya. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mbaka alikuwa mkubwa wa homugadi, wale askari wa kienyeji wa serikali ya mkoloni, katika kituo kimoja upande wa Ishiara. Alimpiga baba yangu, mzee Munyi, teke la kifua kwenye mtaro wa kambi aliokuwa akichimbishwa, kwa sababu mzee aliketi kupumzika. Baba hakumaliza wiki. Nilipokwenda kuichukua maiti nikaizike nyumbani, ng'ambo ya Mto Ena, nilimkuta Mbaka naye anataka kuvuka, na hakutaka buti zake zilowe.

"Wewe kahii," aliniambia. Kwetu hilo ni neno la mvulana ambaye hajatahiriwa, na mimi nilikuwa mtu mzima. "Nivushe mimi kwanza. Huyo hana haraka."

Huyo alikuwa baba yangu.

Nilimvusha. Alinishika masikio akaniendesha kama punda, na katikati ya maji alilivuta la kushoto mpaka likachanika. Kisha nikarudi kumchukua baba. Baba alikuwa mwepesi.

Baada ya maziko Mbaka alitangaza kwamba mimi, Njue mwana wa Munyi, nimeingia msituni kwa wapiganaji. Uongo mtupu. Lakini mtu akitangazwa hivyo siku zile, kila mwenye bunduki alikuwa na ruhusa naye. Nikatoroka bila pasi ya kusafiria mpaka Meru, mtaa wa Majengo. Rashid mwenye bucha alinipa kazi ya kubeba nyama, akanipa kofia ya kiua na jina la Ramadhani. Kofia niliivuta mpaka ikafunika lile sikio.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni.

Asubuhi moja koplo Kirimi wa homugadi wa Meru alikuja buchani kuchukua nyama yake. Kirimi hakuwa mtu mbaya sana. Alipenda maini na alipenda kusema.

"Mwisho wa mwezi ujao kuna michezo uwanja wa boma," alisema. "Mbio, kuvuta kamba, na ngumi. Embu wanaleta sajini wao. Mtu wa huko Ishiara. Mbaka."

Nilikuwa nimeshika shoka juu ya mguu wa ng'ombe. Shoka likabaki juu.

"Ni hodari?" Rashid akauliza.

"Ameangusha wote. Sasa anatafuta mtu yeyote, askari au raia. Bwana Shauri amekubali raia waingie."

"Raia akimpiga sajini hafungwi?" niliuliza.

Kirimi akacheka. "Ulingoni? Anapewa kikombe, bwana! Anashikwa mkono na mzungu!"

Nikashusha shoka. Mfupa ulikatika mara moja.

Nieleweke vizuri. Siku zile kumgusa homugadi kwa kidole kulikuwa kutafuta kamba ya shingo. Na sasa serikali yenyewe ilikuwa imenichagulia mahali, siku na saa ya kumpiga Mbaka mbele ya watu wote, kwa glavu zao, kwa kengele yao, na wao wakipiga makofi. Nilitaka avuliwe shati lake la usajini. Nilitaka nivue kofia yangu, alione sikio, ajue ni nani, na asiweze kukimbia. Halafu kengele ilie.

Kulikuwa na shida moja tu. Sikujua kupiga ngumi.

Nilimwendea mzee Saad, bawabu wa msikiti. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, alipigana Burma, na kambini alikuwa bondia. Pua yake ilikuwa imelala upande mmoja kama paka.

"Umewahi kupigana?" aliniuliza.

"Nimewahi kupigwa."

"Basi nusu ya masomo umemaliza. Unataka kupigana na nani?"

"Mbaka wa Embu."

Alitazama kofia yangu ilivyovutwa upande. Hakuuliza. Watu wa Majengo walijua kutouliza.

"Mazoezi tutafanyia wapi? Ukumbi wa boma wanataka pasi mlangoni."

"Chumbani kwangu."

"Chumbani kwako?" Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, chumbani kwako mtu akipiga chafya anagonga kichwa ukutani."

Alisema kweli. Nilikuwa nimepanga kwa Bi Mwanarusi, mjane mwenye mdomo mkali, nyumba ya udongo yenye bati za madebe yaliyopasuliwa. Kitanda kilikula nusu ya chumba. Iliyobaki ilikuwa ya jiko, ndoo na mimi. Mlango ulifungukia ndani, na ulifunguka kwa shida kwa sababu ya mguu wa kitanda.

Tulianza na kitanda. Kwetu Mbeere tunafuga nyuki, na mzinga wa gogo ukijaa asali ni mzito kama mtu. Unautundika mtini kwa kamba na kulabu ya tawi lenye panda, na kamba unaibana kwa kigingi kimoja. Siku ya kurina unavuta kigingi hicho tu, mzinga unashuka wenyewe, kwa sababu nyuki hawakupi nafasi ya kufungua mafundo. Nilikitundika kitanda hivyo hivyo. Nilikisimamisha ukutani karibu na mlango, kamba ikapita juu ya boriti, ikashuka mpaka ukuta wa pili, chini, usawa wa goti, ikabanwa kwa kigingi. Mchana kitanda juu, nafasi ipo. Ukitaka kulala unavuta kigingi, kinashuka. Ila kikishuka kilikaa mbele ya mlango, na hapo mlango haufunguki hata ukisukumwa na ng'ombe.

"Umejifunza wapi ujanja huu?" Saad akauliza.

"Kwa nyuki."

Halafu vyuma. Msikitini walikuwa wamebadilisha mabomba ya mahali pa kutawadhia, wakabakiwa na simiti kidogo. Saad aliomba kipande cha bomba la zamani. Tukachukua makopo makubwa ya samli, tukasimamisha bomba ndani ya kopo, tukamimina simiti na kokoto. Lilipokauka tukageuza upande wa pili. Bomba lenyewe tukalijaza simiti lisipinde. Nilipoliinua mara ya kwanza mishipa ya shingo ilisimama kama kamba za hema.

Tukatengeneza na benchi la mbao mbili, la kulalia chali na kusukuma kile chuma juu. Saad alinipa sheria moja.

"Usilale chini ya chuma peke yako. Lazima mtu asimame kichwani. Mikono ikichoka, chuma kinakuja shingoni, na shingo haina rafiki."

Mwisho likawa gunia la kupiga.

Tulichota mchanga mtoni. Saad alileta gunia la katani, akalishonea jingine ndani.

"Mtu wako ana ratili ngapi?"

"Ratili sijui. Nipandishie mgongoni."

"Nini?"

"Nipandishie mgongoni, mzee. Mgongo unajua."

Akanipandishia. Nikatembea nalo uani, toka jikoni kwa Bi Mwanarusi mpaka chooni.

"Bado. Ongeza."

Akaongeza. Nikatembea.

"Bado."

Majirani walitoka kutazama. Bi Mwanarusi alisimama na mwiko mkononi. Nilizunguka na kurudi, na kila mara Saad aliongeza mchanga kwa kibaba, mpaka mara moja magoti yaliponilegea kwa namna ambayo nilikuwa naijua, na sikio likaanza kuniuma lenyewe.

"Huyu ndiye," nikasema.

"Mpe jina," Saad akatania.

"Analo."

Mazoezi yalikuwa mchana, baada ya kazi ya bucha, kwa maana jioni kulikuwa na kafyu. Saad alitundika gunia kwenye boriti, akachora mraba wa chaki sakafuni, mdogo kama mkeka, akanikataza kutoka nje yake.

"Ulingo wa boma ni mkubwa," alisema. "Mbaka amezoea kukimbiza watu. Wewe hapa huna pa kukimbilia. Ukirudi nyuma, ukuta. Ukienda kando, jiko. Basi nenda mbele! Mbele! Huyo hapo, mpige ubavu!"

Nilimpiga. Nyumba nzima ilitingishika. Mchanga ulipukutika toka kuta. Nilipopiga niliguna, na nilipoguna nilisema maneno mengine ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Siku ya tatu au ya nne mlango ulisukumwa wazi. Bi Mwanarusi aliingia na mchi wa kinu, nyuma yake wanawake wanne wa mtaani.

"Mwache! Mwache mtoto wa watu!"

Nikasimama, jasho likinitiririka.

"Yuko wapi?" akafoka, akichungulia nyuma ya kitanda.

"Nani?"

"Mwanamke unayempiga! Mchana kutwa tunasikia pu, pu, pu, na matusi! Nyumba yangu si ya kuulia watu!"

Saad alikuwa pembeni, anashika mbavu kwa kicheko. Nikamwonyesha gunia. Bi Mwanarusi alilizunguka, akaligusa kwa mchi.

"Hili ndilo unalolitukana mama yake?"

"Ndilo."

"Limekukosea nini?"

"Lilinipanda mgongoni."

Wanawake walicheka. Bi Mwanarusi hakucheka. Aliuweka mchi chini, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akalipiga gunia konde moja lililomuumiza mkono.

"Hilo ni la marehemu mume wangu," akasema. "Sasa endelea. Lakini nyufa za ukuta utaziba wewe."

Kuanzia siku hiyo akawa ananiletea uji wa mtama, na kila alipopita alikuwa akipaza sauti: "Ramadhani, mpige na la jana!"

Wiki zikaenda. Mikono yangu ikawa mikono ya mtu mwingine. Saad alifunga vitambaa vya pamba kwenye ngumi zake, akapigana nami ndani ya ule mraba, na ikafika siku nilipomkalisha juu ya jiko. Aliinuka akipangusa majivu makalioni.

"Sasa naanza kumhurumia huyo mtu wako," akasema.

"Usimhurumie."

Nilikuwa nimeanza kulala vizuri. Hapo ndipo ulipokuja msako.

Majengo ilizungukwa asubuhi. Wanaume tulichuchumazwa uwanjani mikono kichwani, na homugadi wakaingia nyumba kwa nyumba. Baada ya muda nilisikia kelele toka kwa Bi Mwanarusi. Kirimi alitoka mbio, amebeba chuma changu yeye na mwenzake, wamekiweka begani kama maiti.

"Cha nani hiki? Cha nani?"

Ninyi vijana hamjui. Watu wa msituni walikuwa wanatengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, komeo la mlango na vipande vya mpira. Aliyekutwa na bomba alihesabiwa amekutwa na bunduki. Aliyekutwa na bunduki alinyongwa. Mimi katika wiki zote zile niliwaza ngumi tu, na sikuwaza hata mara moja kwamba nimelaza kitanzi changu mwenyewe chini ya dirisha.

"Ni changu," nikasema.

"Wewe Ramadhani?" Kirimi alishangaa kweli. Kisha mtutu wake ukaja kifuani mwangu. "Simama. Unatengeneza bunduki?"

"Ni cha mazoezi, afande."

"Mazoezi ya nani? Ya msituni?"

Nikaona mambo yamekwisha. Wangenichukua alama za vidole, wangeuliza Embu, na Embu angejibu Mbaka.

Bi Mwanarusi alipasua kundi la askari kwa mabega.

"Koplo, wewe umesoma?"

"Mama, rudi nyuma."

"Nakuuliza, kwa sababu mimi sikusoma, lakini naona. Bunduki gani yenye simiti puani? Chungulia! Risasi itapita wapi? Na haya makopo ya samli ni ya kukaangia nani?"

Kirimi alichungulia upande mmoja wa bomba. Akachungulia upande wa pili. Homugadi mwingine akacheka, akanyamaza haraka, kwa sababu Bwana Shauri, afisa wa serikali pale boma, alikuwa amefika, mzungu kijana mwenye magoti mekundu.

"Nini hii?"

Mzee Saad alisimama wima toka uwanjani, akapiga saluti ya Keya iliyotoa vumbi. "Bondia, effendi! Mimi namfundisha!"

Bwana Shauri alitaka kuona. Tukaenda wote chumbani, yaani yeye na Kirimi waliingia, wengine wakajaa dirishani. Aliangalia kitanda kilichotundikwa, benchi, mraba wa chaki, gunia.

"Piga," akaniambia.

Nikapiga. Nilipiga kama mtu anayepigania shingo yake. Bati zikalia. Bwana Shauri akaanza kutikisa kichwa na kutabasamu, kisha akalipiga gunia mwenyewe, akapuliza vidole.

"Vizuri sana! Wewe tapigana michezo?"

"Nataka kupigana na sajini wa Embu, bwana."

"Mbaka?" Akamgeukia Kirimi, wakasemezana. Kirimi akanitafsiria akiwa na furaha kuliko mimi.

"Umekubaliwa! Tena bahati yako kubwa. Sajini anafika kabla ya michezo, na boma hakuna gunia wala vyuma. Bwana Shauri anasema afanye mazoezi hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwako! Anasema mchezo ni mchezo, wapinzani wanasaidiana. Mpishie na chai."

Walikwenda. Saad alikaa juu ya benchi. Nami nikaivuta kofia chini zaidi.

Mbaka alikuja siku mbili kabla ya michezo ya Jumamosi, saa za alasiri, akisindikizwa na Kirimi. Alilazimika kuinama ili apite mlangoni. Alikuwa amenenepa, na nikajilaumu kwamba sikuongeza mchanga.

"Hiki ndicho?" alisema. "Mbuzi wangu wanalala pazuri kuliko hapa."

"Karibu, sajini," nikasema kwa Kiswahili cha Majengo, kile nilichojifunza kwa Rashid.

"Wewe ndiwe wa Jumamosi?"

"Ndimi."

Alinipima kwa macho toka miguuni mpaka kofiani. Macho yake yaliipita kofia. Mtu uliyempanda hukumbuki uso wake. Ulikuwa nyuma yake.

"Mswahili," akasema. "Ninyi hodari wa maneno."

Akavua shati, akalisogelea gunia. Konde la kwanza, konde la pili. Alikuwa hodari, siwezi kusema uongo. Alipiga karibu, mabega chini, na kila konde lilikuwa na nia ya kuvunja.

"Gunia zuri," akasema akihema. "Lina uzito wa mwanamume."

"Nililipima kwa ajili yako, sajini."

Alicheka. Aliona ni heshima.

Adhana ya alasiri ililia. Saad aliinuka kwenda kusali. Mlangoni alinishika kiwiko. "Jumamosi," alininong'oneza. "Si leo. Umesikia?" Kirimi naye alisema anakimbia kwa Rashid kuona kama kuna maini.

Tukabaki wawili.

Mbaka alikuwa anajipangusa jasho kwa shati lake. Macho yake yalipanda ukutani, yakafika kwenye kitanda, yakafuata kamba juu ya boriti, yakashuka mpaka kwenye kigingi.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi."

"Hapana." Aliigusa ile kulabu ya tawi. "Hii ni kazi ya mfuga nyuki. Baba yangu alitundika mizinga hivi hivi. Mswahili atajua wapi?"

"Buchani kuna mtu wa Ishiara. Alinionyesha."

"Anaitwa nani? Namtaka."

"Amekwenda Isiolo kununua ng'ombe."

Alinitazama tena, sasa kwa utulivu zaidi. Nami nikafanya alichofanya yeye siku zote kwa watu. Nikamchokoza penye kiburi.

"Sajini, vyuma hivi utaviweza? Mimi navisukuma mpaka naimba. Lakini wewe umechoka na safari."

Alijilaza chali kwenye benchi kwa kishindo, akanyoosha mikono.

"Lete."

Nikasimama kichwani mwake, kama sheria ya Saad ilivyotaka, nikamkabidhi. Alisukuma. Akashusha, akasukuma. Kila mara aliponitazama nilimwambia, "Mimi huongeza mara mbili tatu." Naye akaongeza. Uso ukamwiva. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka.

"Inatosha, pokea," akasema.

"Moja tu, sajini. Mimi huongeza moja."

Alishusha. Hakuweza kupandisha. Chuma kilikaa kifuani, kopo la kulia likazama, na alipojitupa kulisawazisha, kikabingirika kikaja kooni. Alikizuia kwa viganja, nafasi ya kidole kimoja tu kati ya bomba na koromeo.

"Pokea! Pokea, ndugu!"

Nikainama nikashika bomba kwa mikono miwili. Naapa kwa kaburi la baba kwamba nilishika ili niinue. Nilikuwa namtaka Jumamosi, mbele ya watu. Lakini mtu anayekabwa haoni. Aliachia mkono mmoja akapapasa hewani, akanishika kichwa, na kofia ya Rashid ikatoka ikaanguka usoni kwake, kisha sakafuni.

Dirisha lilikuwa nyuma yangu upande wa kushoto. Mwanga ulipita katika mpasuko wa sikio langu.

Macho yake yalikaa hapo. Alikuwa amesahau uso, lakini kazi ya mkono wake hakuisahau.

"Njue," akasema kwa lugha ya kwetu. "Wewe ni mwana wa Munyi."

"Ndimi."

"Upo msituni."

"Wewe ndiwe uliyesema."

Basi Jumamosi ikafa pale pale. Nikimwinua, neno lake moja kwa Kirimi linanifikisha kwenye kamba. Hakuna ulingo, hakuna kengele, hakuna kikombe. Nilikuwa nimejenga yote yale kwa ajili ya siku ambayo haitakuja tena.

Nje nikasikia viatu uani, na sauti ya Kirimi, na ya pili ya kizungu.

"Ramadhani! Fungua mlango vizuri! Bwana Shauri amekuja kumtazama sajini!"

Mbaka alisikia pia. Alijaribu kupiga kelele, akatoa mluzi tu. Mlango ukaanza kusukumwa. Niliona vidole vya Kirimi ubaoni.

Kigingi kilikuwa pale pale ukutani, usawa wa goti langu. Nikakipiga teke.

Kitanda kilishuka kwa kishindo. Mlango ukarudi, Kirimi akapiga ukelele kwa ajili ya vidole vyake, na chumba kikawa na giza nusu. Wakaanza kusukuma. Haukwenda. Nilijua hauendi.

Nikarudisha mikono yote miwili kwenye chuma. Sikukandamiza, sikuinua. Nilikiacha pale pale kilipo, juu ya koo lake, nikikisikia kinapanda na kushuka anapomeza mate.

"Kuna nini humo?" Kirimi aliita. "Sajini! Jibu!"

Mbaka alinitazama toka chini. Hakuwahi kunitazama hivyo, wala mimi sikuwahi kumtazama nikiwa juu.

"Niinulie," alinong'ona. "Niinulie kwanza, mwana wa Munyi. Tutaongea."

Nikainama mpaka sikio langu lililochanika likawa karibu na mdomo wake, lisikie vizuri.

"Huna haraka," nikamwambia.